Chupa au kikombe cha kahawa? Hesabu ya mama anayerudi kazini

Mwanangu wa kwanza nilimtia chupa akiwa na siku kumi na mbili, na sikuwa na haja. Nilikuwa ndani ya arobaini, nimelala kwa mamangu Likoni, Mombasa, sina safari wala kazi. Lakini kila aliyeingia kunitazama alikuwa na lake: "Mtoto halii bure, huyo hashibi." Siku ya tatu ya maneno hayo nikamtuma kakangu dukani, akarudi na chupa na kopo la maziwa ya unga. Mtoto alikunywa, akalala saa tatu mfululizo, nami nikashukuru.

Alipofika miezi miwili na nusu, akipewa ziwa huvuta mara mbili, akaliachia, akalia. Chupani maziwa yalimjia bila kazi. Kwangu ilibidi avute na angoje. Na maziwa yenyewe yalikuwa yamepungua. Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa, na kila chupa ya kopo niliyompa bila kukamua ilikuwa kama kuliambia lipunguze.

Kwa wa pili nikaenda upande wa pili kabisa. Niliapa huyu hataiona chupa. Likizo ikabaki siku nne ndipo nikakumbuka kwamba nina kazi ng'ambo ya feri.

Kwa hivyo sasa wasichana wa ofisini wakiniuliza kama wamzoeshe mtoto chupa, siwaambii ndiyo wala la. Nawaambia kwanza wahesabu.

Hesabu ya kwanza ni saa, na uhesabu mlango hadi mlango. Watu huhesabu saa za kazi peke yake. Mimi kazi yangu ni ya makaratasi ya klaringi, Moi Avenue, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Lakini natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, maana feri haina ahadi, na jioni nikirudi ni saa kumi na mbili na nusu tena, siku ambayo feri moja haijaharibika. Hizo ni saa kumi na mbili. Mtoto wa miezi mitatu hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, basi ni mara nne hadi sita ambazo mtu mwingine atamlisha. Hapo lazima pawe na njia.

Ndugu yangu naye anauza viazi karai na mahamri kibarazani kwake Majengo. Mtoto akilia, anafuta mikono, anaingia ndani, ananyonyesha. Yeye chupa ni ya nini? Kadhalika harusi ya muda wa saa nne si sababu. Mnyonyeshe, nenda ukapigiwe vigelegele, rudi. Au nenda naye. Harusi gani hii ya Mombasa isiyokuwa na watoto wachanga?

Utazame na umri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Kliniki nayo, kwa kufuata Shirika la Afya Duniani, itakwambia ziwa peke yake miezi 6, kisha uendelee pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. (Bibi yangu hakuhitaji shirika lolote, miaka miwili kamili ameisoma katika Surat al-Baqara.) Baina ya miezi mitatu ya mwajiri na miezi sita ya kliniki pamebaki miezi mitatu ya kujitegemea, na shughuli yote hii iko hapo. Ukibahatika kurudi kazini mtoto ameshatimiza miezi sita, usianze chupa. Ataanza uji, na kunywa atanywea kikombe moja kwa moja.

Hesabu ya pili ni ya maji, na hii naona hawaizungumzi. Chupa ina shingo, ina pete ya kufungia, ina chuchu yenye kitundu, na kote humo maziwa hujificha. Kila baada ya kutumika ifunguliwe vipande vyote, isuguliwe kwa brashi na sabuni, kisha ichemshwe, maji yatokote dakika 5 kamili. Sasa jiulize maji ya nyumba yako ni yapi. Kwetu ya mfereji huja yanapotaka, ya kisima yana chumvi, ya mkokoteni ni ya kununua kwa mtungi. Chuchu iliyochemshwa kwa maji ya kisima baada ya wiki ilikuwa na ukoko mweupe kama birika kuukuu. Na atakayeosha saa saba mchana, wewe uko kazini, ni nani? Ikiwa ni yaya wa miaka kumi na tisa mwenye watoto wawili wa kuangalia, hiyo chupa itasuuzwa tu. Kikombe kilicho wazi huoshwa kwa sabuni na maji kidogo, na uchafu ukibaki unauona kwa macho.

Ndipo nikufikishe kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Zile siku nne za mwisho, binti yangu aliikataa chupa kwa kila namna. Nilimpa mimi, akanusa ziwa karibu, akageuza uso. Akapewa na babake, akaitafuna chuchu kama ufizi unamuwasha. Tulibadilisha chuchu tatu. Jioni ya pili mavyaa akaja, akatazama bila kusema, akaenda jikoni akarudi na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, cha kahawa chungu. Alikuwa amekichemsha. "Lete maziwa," akasema.

Alimzinga mtoto leso mikono ikiwa ndani, isije ikapiga kikombe. Akampakata wima, karibu kukaa, kichwa na shingo vimeshikwa kwa kiganja. Kikombe akakijaza nusu, ukingo wake akauweka juu ya mdomo wa chini, mwepesi, akakiinamisha hadi maziwa yakagusa mdomo tu. Akangoja. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: tunamimina. Usimmiminie mtoto, atapaliwa. Binti yangu alitoa ulimi, akaramba kama paka, akakunja uso, akaramba tena. Mara ya nne akapiga funda. Akipumzika mavyaa hakukiondoa kikombe wala hakukiinua, alikiacha pale pale hadi mtoto akarudi mwenyewe. Alipofumba mdomo na kugeuka, basi, kashiba. Leso ilirowa, siwezi kudanganya. Wiki ya kwanza tulimwaga karibu robo, na maziwa uliyoyakamua mwenyewe yakimwagika huuma. Mpe kitambaa kidevuni, na ukadirie hasara hiyo.

Muuguzi wa kliniki nilipomwambia hakushangaa. Akasema hata watoto waliozaliwa kabla ya siku zao hulishwa kikombe hospitalini.

Sisemi chupa ni haramu. Mlezi akiwa na mikono inayotetemeka, au ana watoto wengi, au wewe mwenyewe umeamua, basi itie, lakini kwa taratibu. Usianze kabla ya wiki 4, mtoto awe ameshajua ziwa na maziwa yako yametulia. Wala usingoje siku nne kama mimi. Wiki mbili kabla ya kurudi kazini zinatosha. Chuchu iwe ya kutoa polepole. Ampe mtu mwingine, nawe utoke, nenda hata kwa jirani, maana akikusikia harufu hana sababu ya kukubali mpira. Apewe akiwa na njaa kidogo, si anapolia hadi kutetemeka. Akae wima, chupa ilazwe karibu sawasawa na sakafu, maziwa yajae chuchu tu, na kila baada ya mafunda kadhaa ishushwe apumue. Asilazimishwe kumaliza. Na chupa isiegemezwe kwa mto mtoto akaachwa peke yake, hata kwa dakika ya kugeuza chapati.

Kiasi gani? Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima. Kwa saa zangu kumi na mbili nilikuwa naacha mililita 350 hivi, katika vichupa vya kioo vya mililita 60 hadi 90. Mwanzo alikunywa nusu yake tu, nikapagawa. Kumbe alikuwa ananisubiri. Usiku alinyonya kama mwenye deni. Ikiwa nepi zinalowa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda katika kitabu cha kliniki, mwache na hesabu yake. Uzito ukisimama, au mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, hapo usinifuate mimi, nenda kliniki.

Joto letu nalo lina lake. Vitabu husema maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje saa 4, lakini wanakusudia nyuzi 25. Mwezi wa pili hapa ni zaidi ya 30, hata kivulini. Mimi sikuyaacha nje kabisa: yakikamuliwa, kwenye friji, siku 4, tena ndani kabisa, si mlangoni. Kuvuka nayo feri niliyatia katika kijiboksi chenye barafu. Yapashwe kwa kuloweka kichupa katika bakuli la maji ya moto, si juu ya jiko wala katika maikrowevu. Yaliyobaki baada ya mtoto kuonja, yakipita saa 2 yamwagwe.

Kila kichupa kiandikwe tarehe, na jina. Kwetu hili si mchezo. Wifi yangu naye alikuwa ananyonyesha, tunatumia friji moja, na siku moja nusura maziwa yachanganyike. Mavyaa alipiga kelele: hawa ni watoto wa ndugu, kesho wakitaka kuoana tutasema nini? Kwa madhehebu yetu ya Shafi mara tano zinatosha kuwafanya ndugu wa kunyonya. Ndiyo maana hata dada yako akijitolea kukunyonyeshea, jambo jema, lakini likae baraza kwanza.

Kazini kamua kila baada ya saa tatu, la sivyo ziwa litajaa, liume, kisha lipunguze. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha. Mimi nilipewa stoo ya mafaili, nikapachika leso mlangoni. Ukikamua kwa mkono, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya weusi wa chuchu, sukuma kuelekea kifuani kwanza ndipo ubane, uachie. Usiteleze vidole juu ya ngozi, utachubuka. Dakika mbili za mwanzo huenda yasitoke ila matone. Nilikuwa natazama picha ya mtoto kwenye simu, na yakishaanza huruka hadi kwenye mafaili.

Siku ya kwanza nilipiga simu saa sita mchana, niko stoo. Mavyaa akapokea: "Kanywa vikombe vitatu, kimoja kakimwaga yeye, kimoja nimekimwaga mimi. Fanya kazi."