Rasiberi Nyanda za Juu Kusini: chagua shamba, kata fito kwa wakati

Rasiberi ni tunda la baridi, na kuanzia Uporoto na Tukuyu hadi Makete, Njombe na Mufindi baridi ipo. Mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,200 unalifaa. Wakulima wengi huangushwa na mambo mawili: shamba walilochagua na mwezi waliokata fito, yaani mashina marefu membamba yanayobeba matunda.

Usipande palipolimwa viazi mviringo, nyanya au biringanya ndani ya miaka minne iliyopita. Mazao hayo huacha udongoni vimelea vya mnyauko vinavyoshambulia rasiberi pia, na mmea ukishaugua hauna dawa. Kwa anayezungukwa na mashamba ya viazi sharti hili ni gumu, lakini afadhali robo ekari iliyokuwa na mahindi kuliko ekari nzima iliyotoka kuvunwa viazi.

Maji yanayotuama nayo huozesha mizizi. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakishanywea jaza tena. Ukiyakuta bado yamesimama kesho yake asubuhi, tafuta pengine. Hata penye udongo mzuri, inua tuta la sentimita 30. Panapostawi chai, kama Mufindi na Rungwe, udongo huwa mchachu mno: pima kwanza, uweke chokaa ya kilimo hadi pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ifike 5.6 hadi 6.5. Changanya ndoo ya lita 10 ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya tuta. Miche ipishane sentimita 50 kwenye mstari, na mita 2.5 kati ya mistari. Ekari moja itachukua miche kama 3,200.

Chagua aina inayozaa kwenye fito za mwaka huohuo, mfano Heritage. Zile zinazozaa kwenye fito za mwaka wa pili hutaka baridi kali ya muda mrefu. Kwetu huishia kutoa majani tu.

Sasa kukata, kazi inayoamua mavuno. Mwezi Januari kata fito zote, ubakize sentimita 5 juu ya ardhi. Machipukizi yakifika magotini, bakiza 10 hadi 12 kwa kila mita, yenye afya, mengine ng'oa. Yafunge kwenye waya mbili, sentimita 60 na 120 kutoka chini. Matunda yataanza Mei au Juni, masika yakiwa yamekwisha. Ukikata Agosti, yataiva katikati ya mvua, na ukungu wa kijivu utayavaa yakiwa bado mtini. Mabondeni umande wa barafu wa Juni na Julai huunguza maua, kwa hiyo panda kwenye mteremko. Kiangazi mwagilia lita 25 kwa wiki kwa kila mita ya tuta, ukizigawa mara tatu, na tandaza majani makavu.

Vuna kila baada ya siku mbili, umande ukishakauka. Tunda lililoiva huachia lenyewe ukiligusa, likabaki na uwazi ndani. Ule moyo mweupe hubaki kwenye kikonyo. Ukilazimika kuvuta, bado, kwa sababu rasiberi haiivi ikishachumwa. Chumia moja kwa moja kwenye vikopo vya kuuzia, tabaka zisizidi tatu, wala usiyaoshe. Nje ya friji hudumu siku moja au mbili. Yaliyopondeka yapikie jamu siku hiyohiyo.