Tangi la Pikipiki Linapovuja: Kutafuta Tundu na Kuliziba

Si kila petroli inayodondoka chini ya pikipiki imetoka kwenye tundu la tangi. Kabla ya kumpelekea fundi wa kuchomelea pale Kibuye au Kondele, mjini Kisumu, tangi zima, inafaa uhakikishe kwamba ugonjwa uko huko, kwa sababu mfuniko, koki (kifungio cha petroli kilicho chini ya tangi), mpira unaoteremsha petroli na kabureta huvuja pia, na kuvitengeneza ni kazi nyepesi kuliko kuchomelea bati.

Anza na koki, kwa kuwa jaribio lake halina gharama. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali tambarare penye hewa, mbali na jiko, sigara na cheche za aina yoyote, ukaushe kila mahali kwa kitambaa, kisha ufunge koki. Matone yakikoma baada ya dakika chache, uvujaji uko chini ya koki: ama mpira umepasuka pale unapobanwa na klipu, ama sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli isiingie kupita kiasi, imekwama kwa uchafu na petroli inafurika kupitia kijibomba kinachoning'inia kando ya injini. Hilo la sindano lisipuuzwe, maana petroli inaweza kupenya hadi ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Ukikuta oili inanuka petroli, au kiwango chake kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe injini kabla ya kutengeneza kabureta na kubadilisha oili hiyo.

Matone yakiendelea hata koki ikiwa imefungwa, tazama juu. Mfuniko huvuja hasa tangi likijazwa hadi shingoni na pikipiki ikaachwa juani, kwa sababu petroli hupanuka ikipata joto. Dawa yake ni kuacha nafasi kidogo wakati wa kujaza, na kubadilisha mpira wa mfuniko ukiwa umekakamaa.

Sasa limebaki tangi lenyewe, na hapa macho hudanganya. Petroli haidondokei pale inapotokea. Hutambaa kwenye mshono wa chini, ikafuata ukingo hadi sehemu iliyo chini kuliko zote, ndipo ikadondoka. Na pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, kila kitu huteremkia upande wa kushoto hata kama tundu liko kulia. Kwa hiyo kausha tangi kabisa, upake unga wa chaki au poda ya mtoto kwenye mshono, kuzunguka koki na kuzunguka kipimo cha mafuta kama kimefungwa chini ya tangi. Baada ya muda utaona mchirizi mweusi kwenye unga huo. Ncha yake ya juu ndiyo chanzo. Tundu dogo sana huenda lisitoe hata tone, kwa kuwa petroli hukauka kabla haijakusanyika, lakini litaacha doa la hudhurungi linalonata kidogo, na rangi ya tangi itakuwa imetuna na kubanduka ukiigusa kwa ukucha. Chunguza pia mahali tangi linapokalia vipande vya mpira juu ya fremu, kwa sababu vikichakaa chuma husuguana na chuma.

Unyevu ukionekana kuanzia kwenye koki, mwaga petroli yote, fungua koki na ubadilishe oringi yake (mpira wa duara unaozuia kuvuja). Usipake silikoni ya kawaida, kwani petroli huilainisha na vipande vyake huishia kwenye kabureta. Boliti zikazwe kwa kiasi tu, maana nyuzi za matundu ya boliti upande wa tangi hukatika kwa urahisi.

Kwa tundu la bati, dawa ya njiani ni sabuni ya kipande. Isugue kwa nguvu kwenye tundu hadi ijaze. Petroli haiyeyushi sabuni, na itakufikisha mjini kutoka Ahero. Ni ya kukufikisha tu, kwa maana maji ya mvua huiondoa. Matengenezo yanayodumu zaidi ni gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili, iliyoandikwa kwamba inastahimili petroli. Tangi liwe tupu na kavu, rangi iondolewe kwa msasa hadi chuma king'ae pande zote za tundu, mafuta yafutwe kwa thina, kisha gundi ipakwe na kuachwa saa 24. Gundi iliyopakwa juu ya chuma chenye unyevu wa petroli haishiki, hata iwe ya bei gani.

Ikiwa mshono umepasuka kwa urefu, kuchomelea hakukwepeki, na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hubaki ndani muda mrefu baada ya petroli kumwagwa. Fundi akikwambia kwamba tangi limekaa juani siku mbili na halina kitu, lichukue uende kwingine. Lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuchomelewa, likiwa limegeuzwa ili mahali hapo pawe juu na mdomo ukiwa wazi. Omba lichomelewe kwa gesi na shaba, kwa sababu bati la tangi ni jembamba na moto wa umeme hulitoboa zaidi.

Tundu lililotokana na kutu litapata wenzake usipoisafisha kutu hiyo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi na kula bati kutoka ndani. Toa koki, ziba tundu lake, jaza siki nyeupe kwa siku moja, tikisa na kipande cha mnyororo, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kisha ukaushe mara moja na kuzungusha petroli kidogo ndani, kwani chuma kilichosafishwa hushika kutu upya upesi. Ukibonyeza bati kwa kidole gumba na likabonyea penye kutu, usitumie pesa kuliziba. Nunua tangi jingine.

Baada ya matengenezo, tia lita moja au mbili, paka chaki tena, uache usiku kucha, kisha ujaze na kuendesha kwenye barabara mbovu kabla ya kuanza kubeba abiria.