Visa yako inaanza Dover, haianzi Calais

Kama unasoma haya na tayari una tiketi ya meli ya usiku ya kutoka Uingereza kwenda Ufaransa, acha kwanza kufunga mizigo. Chukua pasipoti, fungua ukurasa wenye visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya zikiwemo Ufaransa na Ujerumani, usome inaanza tarehe ngapi. Kisha piga hesabu ya saa ambayo gari lako litafika Dover. Achana na saa ya meli kuondoka, na saa ya kufika Calais, bandari ya Ufaransa, pia. Unachotafuta ni saa ambayo gari litasimama kwenye kibanda cha pasipoti, Dover, ukiwa bado kwenye ardhi ya Uingereza.

Sisi hatukupiga hesabu hiyo. Agosti iliyopita tulikuwa tunakwenda Köln, Ujerumani, kwa shemeji yangu, mimi, mke wangu na watoto wawili, kwa gari letu. Visa zetu zilianza tarehe 3. Meli ilikuwa ya saa sita na robo usiku, na tiketi imeandikwa tarehe 3. Kila mtu aliyeiona alisema iko sawa. Kampuni ilitaka magari yafike angalau dakika 90 kabla, kwa hiyo saa nne na dakika ishirini usiku tulikuwa dirishani kwa afisa wa Kifaransa, watoto wamelala nyuma na blanketi moja. Alifungua pasipoti yangu, akaweka kidole chini ya tarehe, 03-08, halafu akageuka kutazama saa ya ukutani nyuma yake. Akarudisha kidole palepale. Leo ni tarehe 2, akasema. Hata kwa saa ya Ufaransa, iliyo mbele kwa saa moja, zilibaki dakika 40.

Nilimwomba tusubiri pembeni. Akasema foleni haisubiri, akatuonyesha njia ya kugeuzia. Tulipozunguka tukarudi, mapokezi ya meli yetu yalikuwa yamefungwa. Tiketi ilikuwa ya bei ya chini, ile isiyorudishwa wala kubadilishwa: pauni 94 zimekwenda. Tiketi ya langoni ya asubuhi ikatugharimu pauni 178. Tulilala ndani ya gari, mtoto mdogo akiuliza kila baada ya muda kama tumeshafika kwa mjomba.

Kwa nini iko hivi? Uingereza na Ufaransa zilisaini mkataba katika mji wa Le Touquet, Ufaransa, mwaka 2003, kila nchi iweke maafisa wake upande wa pili wa bahari. Kwa hiyo unaingia Schengen ukiwa Dover, na unakaguliwa kuingia Uingereza ukiwa Calais. Ukipita kwa treni ya magari ya Folkestone, ile ya chini ya bahari, ni hivyohivyo, Wafaransa wako Folkestone. Sisi tuliopita Namanga tangu ijengwe forodha ya pamoja tumezoea kinyume chake: unavuka kwanza, halafu unagongewa kutoka na kuingia kwenye jengo moja la nchi unayoingia. Mazoea hayo ndiyo yalinidanganya. Akilini mwangu mpaka ulikuwa ng'ambo ya maji, na hadi tufike huko, tarehe 3 ingekuwa imeingia.

Na lugha yetu nayo ilichangia. Sisi husema "usiku wa kuamkia tarehe 3", na kwa Mswahili usiku huo ni wa tarehe 3, maana jua likishatua hesabu imehama. Nilimwambia mke wangu hivyo, mke wangu akamwambia kaka yake hivyo, wote tukaelewana vizuri kabisa. Mashine ya mpakani haijui kuamkia. Ukiwa mbele yake saa nne usiku, kwake ni tarehe 2.

Narudia, kwa sababu najua kuna atakayeruka aya hizo hapo juu: tarehe inayohesabiwa ni ya kibanda cha Dover. Kama unataka meli ya usiku wa manane, unapojaza fomu ya visa andika siku ya kuingia iwe ile ya kufika bandarini, yaani siku moja kabla ya tarehe ya kwenye tiketi. Au kata meli ya mchana, upumue. Na kama visa imeshatoka na tarehe hazilingani, badilisha tiketi, hata kwa kulipia. Usiende ukitumaini afisa atakuwa na moyo mwema.

Mwisho wa safari nao una mtego wake. Kwenye visa kuna tarehe ya mwisho, halafu kuna idadi ya siku. Tarehe ya mwisho mara nyingi husogezwa mbele siku 15, ili ukichelewa kuanza safari usikwame. Hizo si siku za kukaa. Visa zetu zilisema siku 13 tu za kukaa. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, hata kama umetoka alfajiri. Ukipita Dover saa nne na nusu usiku, dakika zile chache zimekula siku nzima. Na unapotoka, afisa wa Ufaransa anakukagua Calais kabla ya meli, kwa saa ya Ufaransa. Wakati wetu ilikuwa mihuri. Tangu 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza mfumo wa kusajili alama za vidole na picha ya uso badala ya mihuri, kwa hiyo siku zinahesabiwa na kompyuta.

Mengine ni ya kawaida. Visa unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Ujerumani, ingawa tuliingilia Ufaransa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000. Beba kadi halisi ya usajili wa gari, nakala haitoshi, na bandika herufi UK nyuma. Ile ya GB ilifutwa Septemba 2021. Mpigie wa bima akuthibitishie kwamba Ulaya umo. Pembetatu na fulana za kung'aa ziwe ndani ya gari. Kutoka Calais fuata barabara kuu ya E40, inapita Brussels na Aachen hadi Köln, na gari dogo halilipii barabara njia nzima. Ukitaka kuingia Brussels mjini, sajili gari mtandaoni mapema kwa ajili ya kanuni za moshi. Köln nao, kwa sababu hiyohiyo ya moshi, wanataka stika ya kijani kwenye kioo.

Sasa niseme na ndugu. Mama mdogo alikuja kututembelea na visa ya Uingereza, akataka tumchukue: "Si Ulaya hiyohiyo?" Nakuheshimu sana mama, lakini siyo. Visa ya Uingereza haikufikishi Calais, na ya Schengen haikurudishi Dover. Kibaya zaidi, mgeni aliyekuja kwa matembezi mafupi kwa kawaida huambiwa akaombe Schengen nchi anakoishi. Kwa hiyo ukimwalika mzazi na una wazo la kuvuka, aombe zote mbili akiwa nyumbani, kabla hajapanda ndege. Na wewe shemeji wa ng'ambo, usimwambie mtu "we njoo tu". Uliza kwanza visa inasemaje.

Waingereza ninaofanya nao kazi ni watu wazuri, lakini wengi hawajawahi kuomba visa maishani. Watakwambia meli ni kama daladala, unafika unapanda. Wanasema ukweli wa pasipoti yao, usiufanye wako. Usiku ule magari yalitupita dirishani bila kusimama dakika mbili. Yule afisa hakuwa mkali, alituita bwana na bibi mpaka mwisho. Nilichojifunza juu ya watu wa huku ni kwamba upole wao hauna uhusiano na jibu lao. Kwetu mtu akianza kukusikiliza kwa upole unajua kuna mlango. Huku anaweza kukusikiliza hadi mwisho, akakuonea huruma kweli, na jibu likabaki lilelile lililoandikwa kwenye karatasi.

Kurudi tuliondoka Köln alfajiri ya tarehe 14, tukachukua meli ya mchana. Afisa wa Calais alihesabu kwa kalamu, akafika 12, akagonga. Siku moja ilikuwa imebaki, na niliiacha kwa makusudi.