Makato ya ofisi ya nyumbani yamepungua? Tazama faida kwanza
Kwa mliojiajiri Marekani: ukiona makato ya ofisi ya nyumbani (gharama za chumba cha kazi unazoondoa kwenye kipato kabla ya kutozwa kodi) yamekuwa madogo kuliko ya mwaka jana, na chumba ni kilekile, usikimbilie kudhani programu ya kodi imekosea. Chukua Fomu 8829, ile ya kukokotolea makato hayo, ya mwaka jana na ya mwaka huu, ziweke sambamba, ushuke mstari kwa mstari.

Mara nyingi mchawi ni faida. Kwa njia ya gharama halisi, makato hayaruhusiwi kuzidi kipato cha biashara kilichobaki baada ya gharama nyingine. Tuseme fungu la ofisi katika pango, umeme na bima ni dola 3,000, na biashara imebakiza 1,800. Unakata 1,800; zile 1,200 zinahamia mwaka ujao. Ndiyo maana mwaka wa neema makato hufura ghafla.

Njia rahisi (dola 5 kwa futi ya mraba, mwisho futi 300) haihamishi kitu. Na ukiihamia, zile 1,200 zinakaa kando mpaka urudi kwenye gharama halisi. Wengi huzisahau hapo, hasa wakibadilisha mhasibu. Mimi huziandika kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha ya risiti.