Wino Mmoja wa Kijani, Karatasi Tofauti: Namna Ninavyoupima

Kati ya rangi zote za wino ninazotia kwenye kalamu, kijani ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayonilazimu kupima kwa makini kuliko nyingine. Wino mwingi wa kijani huundwa kwa kuchanganya rangi ya manjano na ya buluu, na kila moja huwa na tabia yake inapokutana na nyuzi za karatasi. Ndiyo maana chupa ileile hutoa kijani cha majani machanga kwenye daftari moja, na kwenye daftari jingine ikatoa kijani kizito kinachokaribia weusi. Ule mraba wa rangi uliochapwa kwenye boksi la chupa hautakuambia lolote kuhusu daftari lako.

Ninachoshikilia katika kupima ni kubadilisha kitu kimoja tu, yaani karatasi. Kalamu ibaki ileile, nibu (ncha ya chuma inayoandika) ileile, mwendo wa mkono uleule, na kazi yote ifanyike kwa kikao kimoja. Ukiandika karatasi ya kwanza kwa nibu nyembamba na ya pili kwa nibu pana, umelinganisha nibu, hukulinganisha karatasi.

Anza na kalamu. Isuuze kwa maji safi ya uvuguvugu, si ya moto, mpaka maji yatoke bila rangi, kisha iache ikauke kabisa. Maji yakibaki ndani yataupausha wino, na mabaki ya wino wa buluu yatakupa kijani ambacho hakimo chupani. Mimi hutumia nibu ya kati, kwa sababu inamwaga wino wa kutosha kuonyesha rangi bila kuficha udhaifu wa karatasi. Kalamu ya kuchovya sipendekezi kwa kazi hii. Inashusha wino mwingi mno mwanzoni mwa mstari na kidogo mwishoni, na matokeo yake hayafanani na yale utakayopata ukiandika barua.

Karatasi sasa. Weka mezani zile unazoziandikia kweli: karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita mraba, daftari la kawaida la mistari, na moja ya rangi ya maziwa kama unayo. Kisha ongeza karatasi laini za wapenzi wa kalamu za wino, kama Rhodia ya gramu 80 au Clairefontaine ya gramu 90, zote za Ufaransa, na Tomoe River ya gramu 52 kutoka Japani. Hiyo ya mwisho ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili yanaonekana, lakini wino haupenyi kirahisi. Uzito si kipimo cha ubora. Kinachoamua ni jinsi uso wa karatasi ulivyotibiwa kiwandani ili usinywe maji haraka. Uso uliotibiwa vizuri huuacha wino ukae juu na kukauka polepole. Usiotibiwa vizuri huunyonya papo hapo.

Juu ya kila karatasi andika kwa penseli jina la wino, kalamu, nibu, karatasi na tarehe. Penseli haitatoka utakapodondosha maji. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja, kwa kuwa mafuta ya ngozi huufanya wino usishike mahali fulani, mstari ukatike, na ukailaumu kalamu bure. Halafu andika sentensi moja kwa kasi yako ya kila siku. Yangu ni hii: “Majani mabichi yamelowa mvua ya alfajiri.” Chini yake chora mistari inayokatana, kisha pakaza wino kwa kijiti cha pamba: sehemu moja mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Acha nafasi kwa ajili ya maji.

Muda wa kukauka hupimwa hapohapo. Andika neno fupi, hesabu sekunde 5, pitisha kidole kisafi. Andika jingine, hesabu 10, kisha 20, kisha 30. Kwenye fotokopi kwa kawaida utamaliza mapema. Kwenye Tomoe River endelea kuhesabu, na kama unaandika kwa mkono wa kushoto, kipimo hiki kipe uzito kuliko vyote.

Usihukumu rangi ikiwa bado mbichi. Subiri ikauke kabisa, kisha sogea karibu na dirisha, nje ya jua la moja kwa moja. Taa yenye mwanga wa manjano huharibu hukumu ya kijani, na kamera ya simu nayo huisogeza rangi, kwa hiyo amini macho. Angalia kingo za herufi kwanza: je, zimekatika safi, au zimeota ndevu, yaani wino umetambaa kando kufuata nyuzi? Geuza karatasi uone kama kuna madoa yaliyopenya, na usichanganye madoa hayo na kivuli tu cha maandishi kinachoonekana kwa sababu karatasi ni nyembamba. Ukiona kivuli tu, upande wa pili bado unaandikika.

Kisha tazama jinsi rangi inavyokolea na kupauka ndani ya herufi moja. Hapa ndipo kijani kinaponifurahisha. Chukua wino wa Alt-Goldgrün wa Rohrer & Klingner: kwenye karatasi laini, mwanzo wa mstari huwa na umanjano wa dhahabu, na pale wino ulipotuama unakuwa kijani cha zeituni. Kwenye karatasi inayonyonya, tofauti hiyo hupungua sana. Mng'ao nao hufuata karatasi. Emerald of Chivor ya J. Herbin huonyesha wekundu juu ya kijani-buluu chake ikikauka kwenye Tomoe River, lakini kwenye karatasi ya fotokopi usiutegemee. Karatasi ya rangi ya maziwa huvuta kijani chochote kuelekea zeituni, na nyeupe sana hukipoza kuelekea buluu.

Kesho yake dondosha tone la maji juu ya mistari iliyokatana, subiri dakika moja, kisha kausha kwa karatasi ya kukaushia bila kusugua. Mara nyingi rangi moja huondoka na nyingine hubaki, ukaona mstari umegeuka buluu au kijivu. Ukitaka kuona mchanganyiko wenyewe, kata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, weka nukta ya wino sentimita 2 kutoka chini, na uchovye ncha tu kwenye maji, nukta ibaki juu ya maji. Maji yakipanda, rangi zitaachana mbele ya macho yako.

Kama unaandika mambo ya kutunzwa miaka, funika nusu ya kila jaribio kwa kadi nene na uliweke dirishani wiki kadhaa. Upande uliopigwa na mwanga ukigeuka rangi, wino huo ni wa madokezo. Andika matokeo kwa penseli palepale pembeni, na majaribio yako yahifadhi gizani ndani ya jalada, yakitenganishwa kwa karatasi nyeupe.