Jinsi ya Kuomba na Kufanya Marekebisho ya Usomaji wa Mita katika Programu ya Usimamizi wa Nishati

Mwongozo huu unawahusu wasimamizi wa umeme katika hoteli, viwanda na majengo ya ofisi hapa Tanga, kuanzia Raskazone hadi Pongwe, waliofunga mita za ndani, yaani mita zao wenyewe zinazopima sehemu za jengo baada ya mita ya TANESCO, na kuziunganisha na programu ya kompyuta. Mita ya TANESCO haimo katika utaratibu huu, kwani mteja haruhusiwi kuigusa na kuichezea ni kosa la jinai; ikiwa na hitilafu, toa taarifa katika ofisi yao na usubiri fundi.

Ombi hutolewa mita ya ndani inapobadilishwa, au inapopoteza kumbukumbu na kurudi sifuri. Programu hujumlisha tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Kwa hiyo, mita iliyosoma 48,216 ikisoma 0 kwa dakika chache kwa sababu ya mawasiliano kukatika, kisha ikarejea pale pale, programu inaweza kuzihesabu uniti zote 48,216 kuwa zimetumika ndani ya saa moja.

Anza na ushahidi. Kabla mita ya zamani haijafunguliwa, piga picha inayoonyesha namba ya mita na usomaji wa mwisho, kisha fanya hivyo hivyo kwa mita mpya. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewahi kushuhudia fundi akiondoka na mita ya zamani kabla usomaji wake haujaandikwa, na hakuna programu iwezayo kuirudisha namba iliyopotea namna hiyo.

Kisha andika ombi kwa mkuu wa idara, ukitaja namba za mita zote mbili, tarehe na saa ya mabadiliko, usomaji wa kufungia, usomaji wa kuanzia na sababu. Anayeidhinisha asiwe yule yule atakayeingiza namba.

Ombi likikubaliwa, hifadhi kwanza nakala ya data yote. Usifute usomaji wa zamani wala kuandika sifuri juu yake. Ufunge, halafu fungua usomaji mpya kwa saa ile ile. Tuseme mita ya zamani ilisoma 48,190 asubuhi na 48,216 ilipoondolewa, na mpya ikatoka 0 hadi 31 jioni: tofauti ni 26 na 31, jumla 57. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mita inayotumia transfoma za mkondo, yaani vifaa vinavyopunguza mkondo mkubwa ili mita iweze kuupima, huhitaji kizidishi, namba ya kuzidishia usomaji ili kupata matumizi halisi. Transfoma za 200/5, yaani zinazoshusha ampea 200 kuwa 5, zina kizidishi cha 40. Zikibadilishwa siku hiyo hiyo kuwa za 300/5, kizidishi huwa 60, na kila kipande huzidishwa peke yake: 26 mara 40 ni 1,040, na 31 mara 60 ni 1,860, yaani kilowati-saa (uniti) 2,900. Ukizidisha 57 yote kwa 40 utapata 2,280, na uniti 620 zitakuwa zimepotea katika hesabu.

Mwishowe, linganisha na mita kuu, yaani ile ya TANESCO. Kwa mteja wa LUKU, chukua uniti zilizokuwapo asubuhi, ongeza zilizonunuliwa na kuingizwa, kisha toa zilizobaki jioni. Jumla ya mita za ndani haipaswi kuzidi matumizi hayo. Ikizidi, rudia kukagua vizidishi kabla ya kutia saini fomu na kuihifadhi pamoja na picha.