Kumsimulia upya msichana wa majivu

Jioni, hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, tukichambua maharagi kabla ya kuwasha mbabula, jiko letu la makala, watoto wa dada yangu huniomba hadisi ya Cendrillon, yule msichana wa majivu anayeteswa na mama wa kambo.

Ukitaka kuisimulia upya, jiulize kwanza: mikono yake inajua nini? Usimtoe jikoni mbio kana kwamba kazi ya nyumbani ni aibu. Kwa ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadisi wa Ujerumani, mama wa kambo anamwaga dengu majivuni, na ndege wanakuja kuziokota. Mimi ndege nawaacha waende zao. Msichana anayejua kufukia makala yenye moto majivuni hadi alfajiri anaweza kusafiri usiku na moto wake.

Kisha mpe safari yenye sababu yake mwenyewe. Wangu anapanda boti kwenda Goma kudai shamba la marehemu mama yake. Mwana wa mfalme aje akipenda, ila asimwokoe. (Katika hadisi nyingine, Grimm haohao wana dada wa tatu anayeunga viungo vya dada zake wakafufuka, huyo nampenda sana.)

Juzi mdogo aliuliza: “Tantine, boti alilipa na nini?” Swali kama hilo usiliruke. Nilimjibu: aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wiki tatu.